Bega la Baba

Baba yangu aliwahi kuwa mwigizaji wa filamu, na kwa miaka mingi ushahidi pekee tuliokuwa nao ni bega.

Bega lenyewe lilitokea Ijumaa moja alasiri, nyumbani kwetu Azaiba, Omani, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Televisheni ya hapa ilikuwa na mtindo wa kuonyesha filamu za zamani za Kimisri siku za mapumziko, zile za nyeusi na nyeupe, wanaume na tarbushi zao, wanawake wanalia mpaka basi na nywele zimetulia vilevile. Tulikuwa tumeshakula, sinia la wali limeshaondolewa, Mama anamenya chungwa. Mara Baba akaruka kitini.

"Huyo! Huyo ni mimi!"

Tukageuka. Kwenye kioo bwana mmoja tajiri alikuwa anashuka ngazi, na pembeni yake, kwa muda wa kupiga chafya, likapita bega la mtu aliyebeba sanduku. Filamu ikaendelea na mambo yake.

Mama hakuacha kumenya chungwa. "Bega la nani hilo, mbona limekuja bila mwenyewe?"

"Langu, wallahi."

"Basi lisalimie."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, na mimi nikiwa binti yao wa mwisho ambaye sikuwa nimeolewa, niliyekuwa bado nyumbani, nilikuwa hadhira yao ya kila siku. Baba akisema, Mama akipunguza. Baba akipanda juu, Mama akimvuta kanzu ashuke. Nilicheka sana katika nyumba ile. Siku hizi nikipita barabara ya Azaiba, nikiona maduka mapya yalivyosimama pale palipokuwa na mchanga mtupu, kicheko kile ndicho kinachonijia kwanza, kabla ya sura za watu wenyewe.

Habari za Misri tulizijua kwa moyo. Baba alitoka Unguja kijana mdogo, amepelekwa Misri kusoma, na alisoma kidogo. Rafiki yake mmoja akampeleka mahali walipokuwa wakipiga filamu, ambako vijana warefu walilipwa kwa kupita tu nyuma ya wakubwa. Akapita. Wakamwona mrefu, mweusi, ana mwendo, wakampa kilemba na kanzu pana wakamfanya bawabu. Katika filamu zile kila jumba lilikuwa na bawabu wake mlangoni, mtu wa kutoka kusini, na waongozaji hawakujali kusini hiyo inaanzia wapi. Baba akafungua milango, akabeba masanduku, akashika sinia la vikombe vya kahawa huku nyota wa filamu wakigombana mbele yake. Huyu ni mtoto wa watu wenye mashamba yao ya karafuu, mtu ambaye nyumbani kwao hata maji ya kunawa aliletewa. Alisema kazi ile ndiyo iliyomfundisha kwamba mlango una namna yake ya kufunguliwa.

Na kweli alikuwa na namna yake. Mgeni akija kwetu Baba hakukubali mtu mwingine aende mlangoni. Alifungua kwa mkono wa kulia, akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa kidogo tu, na mgeni akaingia akijiona amekuwa mtu mkubwa. Alipokuwa bado kazini, nilipokwenda kumchukua kwenye wizara yake kule Maskati, nilimkuta akimfungulia mlango tarishi aliyebeba mafaili. Tarishi alikuwa akiona haya mpaka jasho linamtoka. Tukirudi kwa gari kufuata barabara ya pwani, Baba alishusha kioo, upepo ukimpiga kofia, akaniambia kwa Kiarabu cha Misri yale maneno aliyoyasema katika filamu yake.

Maana ilikuwapo moja aliyosema maneno. Katika nyingine zote alikuwa mtu wa kupita, lakini katika hiyo alipewa kusema. Binti wa filamu amefukuzwa nyumbani na mwenye nyumba, ameshuka ngazi analia, hana pa kwenda, anakaa kwenye benchi la bawabu. Bawabu anamtazama. Anamwambia akae, kwani benchi halina mwenyewe, na Mungu hafungi mlango kama wanavyofunga watu. Kisha anampa gilasi yake mwenyewe ya chai. Basi, ni hayo tu. Lakini Baba alituhadithia kwamba mwongozaji alimwambia asilie, atazame tu, na kwamba walimsogezea kamera mpaka akasikia joto la taa usoni. "Sura yangu," alisema, akionyesha kwa mikono miwili, "imejaa pazia zima. Sinema nzima inaniangalia mimi."

Hilo alilikisia tu, maana filamu yenyewe hakuiona. Kabla haijatoka, mtu mmoja wa kwetu alikuwa amekwenda Misri kwa matibabu, akaingia sinema kupoteza wakati, akamwona katika filamu nyingine mtoto wa fulani amevaa kanzu ya bawabu anapokea bakshishi. Habari zikafika Unguja kabla ya mtu huyo kupona. Babu yangu hakukasirika kwa ajili ya filamu, alikasirika kwa ajili ya bakshishi. Angekuwa amecheza pasha, bwana mkubwa, nadhani yangeisha kwa kucheka. Baba akaitwa arudi kwa meli ya kwanza, akarudi, akawa karani, na baadaye mambo ya kwetu yalipoharibika akaja Omani kama walivyokuja wengine, na begi moja. Picha zake zote za ujana zilibaki kwenye nyumba ambayo hakuiona tena.

Mama alimkuta hapa Maskati, Baba ameshapita arubaini na mvi zimeshaingia. Yeye alikuwa msichana, naye katoka Unguja na watu wake. Siku ya harusi dada yake mkubwa, tuliyemwita Mamkubwa, alimwambia mbele ya wanawake wote waliokuwa wakimpaka hina: "Mdogo wangu, hongera, umepata bawabu." Wakacheka mpaka hina ikaharibika. Mama naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Tangu siku hiyo kila Baba alipotaja Misri, Mama alimkejeli kabla watu wengine hawajamkejeli. Nilichelewa sana kuelewa kwamba ile ilikuwa njia yake ya kumkinga.

Halafu macho ya Baba yakaanza kuharibika. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Kwanza alikuwa akijigonga kwenye milango, yeye, bingwa wa milango. Kisha akawa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Alipostaafu alikaa mbele ya televisheni kila siku ya mapumziko, kiti kimesogezwa mpaka magoti yanakaribia kugusa meza, akiisubiri filamu yake. Nilipomwambia niende madukani nikaitafute kanda, alikataa katakata.

"Mimi sijitafuti dukani. Ikija itakuja."

"Na isipokuja?"

Akanivuta mkono nikae karibu. Kisha akasema taratibu, Mama asisikie jikoni: "Mama yako hanijui nilivyokuwa. Kanikuta mzee. Nnataka anione mara moja, hata kama mimi siwezi tena kujiona."

Nilikasirika. Nilikasirikia macho yake, nikakasirikia kiburi chake, na nikakasirikia nyumba ile ya Unguja iliyobaki na picha za mtu asiyekuwa wao. Lakini kwa Baba ukikasirika ulipewa chai, basi nikanywa chai.

Ikaja. Ilikuwa siku za baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja kule Rusayl, na saa ya chakula nilikuwa nimetandika gazeti chini ya sahani yangu. Nikaliona jina la filamu katika vipindi vya Ijumaa, limeingia mchuzi. Nilipiga simu nyumbani hapo hapo. Mama akapokea, nikamwambia. Akasema, "Haya, nitamwambia bawabu wako," lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ijumaa ile Baba alioga kama anakwenda kuoa. Alivaa kanzu mpya, akaifukiza udi, akaniita nimtazamie kofia kama imekaa sawa. Mama alimpigia simu Mamkubwa aje. Najua kwa nini alimwita yeye hasa. Mamkubwa akaja na mikoba yake na maneno yake, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akapewa halua na kahawa. Mimi niliweka kanda tupu ndani ya video, nikabonyeza, nikahakikisha taa nyekundu imewaka.

Filamu ikaanza baada ya alasiri. Wakati huo Baba alikuwa haoni kitu isipokuwa mwanga, kwa hiyo Mama akakaa karibu yake mkono kwa mkono, akawa anamhadithia sikioni kwa Kiswahili. "Sasa yuko chumbani. Anachana nywele. Sasa kaingia yule mwanamme mwenye sharubu, mimi simpendi huyu." Baba alikuwa akitikisa kichwa, na mara nyingine alimtangulia, maana alikuwapo wakiipiga: sasa atagonga mlango, sasa mama yake ataanguka. Tukacheka. Mamkubwa naye akajisahau, akaanza kumlaani mwenye nyumba kwa sauti kubwa.

Nje jua lilikuwa likishuka. Hapo ndipo tulipokosea, watu wazima wanne ambao maisha yao yote yalikwenda kwa adhana. Tulifikiria kofia, tulifikiria kanda, tulifikiria halua. Hakuna aliyefikiria kwamba siku za baridi magharibi inaingia mapema, na kwamba televisheni yetu ikifika wakati wa sala hukata chochote kinachoonyeshwa, filamu ikaendelea kukimbia chini kwa chini huku watazamaji wanaona msikiti.

"Anashuka ngazi," Mama akasema. "Analia. Mlango umefungwa nyuma yake."

Baba akajiweka sawa. Akanyoosha kanzu magotini. "Sasa," akasema.

Likaonekana benchi. Binti akakaa. Pembeni ya kioo ikatokea kanzu pana, na mgongo mrefu wa kijana aliyesimama namna ambayo ningeijua popote, kichwa kimeinama kidogo tu. Sauti ikasema kwa Kiarabu cha Misri: "Kaa, binti..."

Na hapo ikaja picha ya msikiti, na Allahu akbar.

Hakuna aliyesogea. Mamkubwa alikuwa na kikombe mkononi, hakukipeleka mdomoni wala hakukirudisha mezani. Sisi ni watu ambao adhana ikilia tunanyamaza, hata ugomvi unasimama. Nilimtazama Baba, midomo yake ikimwitikia muadhini neno kwa neno, kama siku zote. Uso wake sikuweza kuusoma. Nilitamani kulia na niliona haya kulia juu ya adhana.

Ilipokwisha filamu ikarudi. Binti alikuwa peke yake kwenye benchi, anafuta macho, na mkononi ameshika gilasi ya chai, tupu. Mama akaiona. Nilimwona anavyoiona. Aliitazama gilasi ile kama mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali, na mkono wake ukakaza kiganja cha Baba.

Tulikwenda kusali. Baba nilimwongoza mimi. Tuliporudi sebuleni televisheni ilikuwa inaendelea na mambo mengine, Mama akaizima. Baba akakaa kitini kwake, akatuelekezea uso, si mahali hasa tulipokuwa, pembeni kidogo.

"Haya," akasema. "Nilionekanaje?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba adhana imekata. Mama aliniwahi.

"Ulikuwa kijana mzuri," akasema. "Sikukujua ulikuwa mzuri hivyo, nisingekukejeli. Kofia, kile kilemba, kimekukaa upande. Kidevu kama cha huyu mwanao. Na macho." Akasita. "Macho yako yalikuwa makubwa, yamejaa kioo kizima. Ulivyomtazama yule binti, mimi niliona haya kukutazama mbele ya mtoto."

"Nililia?"

"Hukulia. Ulitazama tu."

Baba akavuta pumzi. Mkono wake ukapanda mpaka usoni, akajigusa nyusi taratibu.

Halafu Mamkubwa, yule yule wa siku ya hina, akakitua kikombe chake. "Kweli kabisa, shemegi," akasema. "Ulipendeza. Kama ningekuona wakati ule, mdogo wangu asingekupata."

Tulicheka sote, Baba zaidi ya wote. Mimi sijui kama aliamini. Adhana aliisikia, aliiitikia neno kwa neno. Na maneno yake ya filamu aliyajua urefu wake, alikuwa akiyasema garini kila siku. Kwa vyovyote hakuuliza tena. Usiku alipokwenda kulala alisimama mlangoni mwa chumba chao, akaufungua kwa mkono wa kulia, akarudi nyuma hatua, na Mama akapita mbele yake ameinua shingo. Tangu siku ile sikumsikia Mama akimwita bawabu kwa mzaha. Alimwita hivyo, lakini kwa namna nyingine.

Baba alifariki miaka michache baadaye, katika siku za joto. Kanda niliyorekodi Mama aliifungia kabatini pamoja na kanda za harusi za ndugu zangu, na hakuna aliyeigusa.

Kazini kwetu Rusayl palikuwa na mhandisi wa Kimisri, mtu wa kupenda mazungumzo. Siku moja nikamtajia ile filamu, sikumwambia kwa nini. Aliporudi kutoka likizo aliniwekea mezani CD iliyofungwa kwa gazeti, akacheka, akasema huko kwao hizi zinauzwa njiani kama karanga. Nilingoja wenzangu waende kula. Nikaitia kwenye kompyuta ya ofisini, nikasogeza mbele mpaka kwenye ngazi.

Benchi. Binti. Kanzu pana na mgongo. "Kaa, binti, benchi halina mwenyewe." Sauti ya Baba, mbichi, nyororo, ya kijana ambaye hajapoteza chochote bado. Nilingoja kamera igeuke. Haikugeuka. Ilibaki kwa binti, machozi yake, midomo yake, macho yake. Maneno yote Baba aliyasema akiwa amegeuza mgongo. Kisha kutoka pembeni ukaja mkono umeshika gilasi, kidole cha mwisho kimepinda, kama kilivyopinda changu, ukampa, ukaondoka. Sura ya Baba haikuwamo. Labda waliipiga wakaikata, labda taa ile iliyomchoma uso ilikuwa ya mtu mwingine. Nilirudisha, nikatazama tena, nikarudisha. Nilimkasirikia mwongozaji ambaye bila shaka alikwishakufa zamani. Halafu nikaikumbuka ile adhana, nikasema alhamdulillahi, kwa sauti, peke yangu ofisini.

Jioni nilikwenda Azaiba na CD ndani ya mkoba. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nimwambie nini. Mama alikuwa jikoni anachagua mchele, miwani imemshuka puani.

"Mama, nimeipata sinema ya Baba."

"Ipi?"

"Ile."

Aliitazama CD mkononi mwangu, hakuinyooshea mkono. Akarudi kwenye mchele wake.

"Ya nini? Mimi nshaiona."

"Mama, siku ile..."

"Nshaiona," akasema, na sasa akaniangalia juu ya miwani. "Na wewe ulikuwapo, na Mamkubwa wako alikuwapo. Kilemba kilimkaa upande."

Nilisimama pale na CD yangu. Nje muadhini wa mtaani alikuwa anajaribu kipaza sauti, anakohoa.

"Upande wa kushoto," nikasema.

"Wa kushoto," akasema Mama. "Na macho yake je, unayakumbuka?"

"Nayakumbuka, Mama. Yalijaa kioo kizima."